Gari Pekee Lililonishinda

Mimi nilisoma mpaka darasa la pili, basi. Kutunga sijui. Kutunga ni kazi ya watu waliosoma, wale wenye muda. Muda wangu wote nimeumaliza chini ya magari ya watu, na ninachoandika hapa ni kile nilichokiona kwa macho haya mawili, sijaonja hata tone la pombe, saa tisa mchana, jua likiwaka. Watu husema wafu hutembea usiku. Nani aliwaambia? Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, weka karatasi chini uende ukalime.

Miaka ile Uhuru ulikuwa bado mpya, na Kisumu fundi alikuwa mtu wa heshima. Nilianza kwa kuosha spana za Mhindi mmoja karibu na stesheni ya reli. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa kutazama mikono yake. Baadaye nikafungua gereji yangu mwenyewe chini ya mabati matatu, na nikamwomba karani mmoja aniandikie bango: HAKUNA GARI INASHINDA HAPA. Halikuwa la kujisifu. Lilikuwa kweli. Watu walivuta magari kwa ng'ombe kutoka Awasi, nyumbani kwetu, na yalirudi yakinguruma. Nilikuwa mfupi, sina cheti, sina Kiingereza, lakini nilikuwa na lile bango. Lishike kichwani, maana ndilo nililopoteza.

Basi siku moja akaja mtu anaitwa Odera, mchuuzi wa samaki kutoka Asembo Bay. Mtu wa kofia na sauti kubwa.

"Fundi, kuna gari ya marehemu kaka yangu. Imelala karibu mwaka. Unaweza kuiamsha?"

"Ina injini?"

"Iko nayo."

"Basi itaamka."

Akacheka, kisha akanieleza habari yenyewe. Sikiliza vizuri, kila kitu kinatoka hapa.

Kaka yake aliitwa Ogutu. Kwa miaka mingi alikuwa dereva wa mzungu mmoja mpima ardhi, na mzungu huyo alikuwa na gari la nyumba. Hujaona? Ni lori dogo la petroli ambalo nyuma limejengewa chumba. Ndani kuna kitanda, jiko la gesi, friji, sinki, na tangi la maji lenye pampu ya mkono. Mzungu aliporudi kwao alimwachia Ogutu lile gari. Ogutu akaliendesha mpaka kwenye dala ya baba yake, yaani boma lao, pamoja na mke wake. Akaliegesha, akasema atajenga nyumba ya udongo baadaye. Hakujenga. Homa ilimchukua mle mle ndani ya gari kabla mwaka haujaisha, na wakamzika upande wa kulia wa mlango wa gari, kama mwanamume yeyote wa kwetu anavyozikwa upande wa kulia wa mlango wa nyumba yake.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwetu nyumba ya marehemu haiuzwi, haihamishwi. Inasimama pale, mjane anakaa ndani, mpaka ianguke yenyewe. Lakini gari? Gari ni mali, ndugu wanaweza kulichukua. Odera alikuwa ameshapata mnunuzi mjini. Mjane naye, Nyar Seme walivyomwita kwa sababu alizaliwa Seme, hakuwa na paa lingine. Hakujaliwa mtoto. Gari likiondoka, naye anaondoka, anarudi Seme kwa kaka zake na kikapu kichwani.

Wazee walibishana mpaka wakachoka. Mwisho mkubwa wao, Jaduong' Okelo, yaani Mzee Okelo, akakata: fundi aitwe. Siku itakayopangwa, gari likitoka langoni kwa nguvu yake lenyewe, ni gari, Odera achukue. Likishindwa, ni nyumba, na asiguse mtu.

"Kwa hivyo nataka fundi ambaye hashindwi," Odera akasema, akiangalia bango langu.

Mtu mwenye akili angeuliza swali moja au mawili. Mimi nikasema, "Mambo ya dala yenu si yangu. Naulizwa kama litawaka. Litawaka." Nikabeba sanduku langu na betri mpya, tukaenda.

Tulifika jioni. Kesho yake asubuhi nikaanza kazi, na siku iliyofuata ndiyo wazee walipanga kukutana. Nyar Seme alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, hana haraka. Alijua nimekuja kumtoa. Unajua aliniambia nini?

"Fundi, umekula?"

Akaniletea kuon, ugali wa kwetu, na samaki mbichi wa kuchemsha, akaninawisha mikono. Nilikula chote. Nisidanganye.

Injini haikunisumbua. Petroli ya zamani ilikuwa imegeuka gundi ndani ya kabureta, nikaifungua nikaiosha. Panya walikula nyaya mbili. Mpira wa pampu ya mafuta ulipasuka, nikakata mwingine. Nikasugua plagi, nikasugua pointi za distributa, nikafunga betri. Kabla ya saa sita nilipiga stata, na ile injini ikakohoa mara tatu, ikashika. Odera akarusha kofia juu. Nyar Seme alikuwa anapeta mtama pale nje. Hakuinua kichwa, ila mikono yake ilisimama.

Nikazima. Odera akasema mnunuzi anataka na vitu vya ndani vifanye kazi, hasa friji. Halafu akaenda ufuoni kupokea samaki wake. Nyar Seme naye akachukua mtungi akaenda ziwani. Nikabaki peke yangu na ile friji.

Friji ya namna hiyo si kama ya umeme. Inaendeshwa na moto. Kuna moto mdogo wa gesi chini, unachemsha dawa ndani ya mabomba, na dawa hiyo ndiyo inaleta baridi. Moto unaozaa barafu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefungua mbili tu maisha yangu yote, lakini ningekubali vipi? Nikatoa kiota cha nyigu kwenye bomba la moshi. Nikapuliza tundu la gesi. Nikawasha, moto ukakaa, wa buluu, mzuri. Nikangoja. Mabomba yakapata joto chini, juu hakuna kitu. Nikazima, nikafungua tena, nikawasha tena. Hakuna. Nikaanza kuitukana.

"Omera, ndugu yangu, utaiua hiyo friji."

Nikageuka. Mlango wa gari lile uko nyuma, na pale chini ya ngazi alisimama mwanamume wa makamo, ovaroli ya kijivu iliyofuliwa mpaka imekwisha, bisibisi juu ya sikio kama karani anavyoweka kalamu. Nikadhani ni jirani. Asembo kuna watu wengi, ningemjua vipi?

"Wewe ndiye fundi wa Kisumu?" akauliza. "Nilifikiri ni mtu mrefu."

"Urefu wa nini? Nafanya kazi chini ya gari, si juu ya mti."

Akacheka, cheko la mtu aliyefurahi kupata wa kuongea naye. "Gesi ni nzuri, moto ni mzuri," akasema. "Ni nyumba imelala upande. Hiyo friji ikiinama, dawa haitembei. Weka pimamaji sakafuni uone."

Kweli sikuwa nimefikiria. Nikatoa pimamaji yangu, ile ya waashi, ya mbao, yenye kichupa cha maji na tone la hewa katikati. Nikailaza sakafuni. Tone likakimbilia ukutani. Gari zima liliinamia upande wa kaburi. Udongo uliochimbwa ulikuwa laini, mvua imepita, na magurudumu ya upande ule yamezama kidogo kidogo bila mtu kuona.

Nikatoka, nikapiga jeki, nikasukuma mawe bapa chini ya yale magurudumu. Yeye alisimama ananielekeza. "Moja tena. Hapo. Hapo, wacha." Mkono hakutia. Nilimwona mvivu, nikamwambia hivyo. Akasema, "Mimi zamu yangu nimeshafanya."

Nikarudi ndani, tone likatulia katikati kabisa. Nikawasha moto. Na hapo yule bwana akapanda ngazi, akapita nyuma ya mgongo wangu, akaketi kitandani.

Sasa nisikilize. Gari la nyumba linakaa juu ya springi. Mtu akipanda, linashuka. Paka akipanda, linashuka kidogo. Nilipokuwa naegemea mguu wa kushoto, tone lilikwenda, nikihamia wa kulia, lilirudi. Macho yangu yalikuwa kwenye pimamaji wakati yule mtu anapanda, maana nilitaka kuona mawe yangu kama yatashika. Mtu mzima, mwenye mabega. Akapanda, akapita, akaketi.

Tone halikusogea.

Nikaigonga pimamaji kwa kidole. Nikasema imekwama. Nikahamisha mguu, tone likaenda, likarudi. Haikukwama. Ungekimbia? Mimi sikukimbia. Sijui kwa nini. Mle ndani hapakuwa na kitu kibaya. Palikuwa kama gereji yoyote saa tisa, watu wawili na kazi moja. Nikaendelea kufanya kazi, niamini, na tukaendelea kuongea.

Pampu ya maji ilikuwa haivuti. "Ni ngozi imekauka," akasema. "Chini ya kitanda kuna kiatu cha zamani. Kata ulimi wake, uloweke kwa mafuta." Nikainama, kiatu kipo. Nikakata ulimi, nikaloweka, nikafunga, nikapampu. Maji yakatoka sinkini, mekundu kwanza, halafu meupe. Kwenye bomba la jiko akaniambia nipake povu la sabuni nione wapi gesi inavuja. Nikapaka, povu likachemka kwenye kona ambayo peke yangu nisingeiona. Taa, bawaba ya kabati, dirisha lililokataa kufunga, vyote alivijua kama mtu anavyojua meno yake.

Jambo moja tu nililiona. Kila nilipotaja injini alinyamaza. Mwisho nikamwambia, ile sauti yangu ya kujisifu, "Na asubuhi nimeamsha injini. Umeisikia? Kesho nalitoa langoni."

Akatazama nje kwa dirisha, kule njia ya ziwani inakopita. Halafu akasema polepole, bila hasira:

"Mtu akishafika nyumbani, injini ni ya nini?"

Akainuka. Akapita mbele yangu, na kwa kupita akanigusa kifuani, hapa kushoto, juu ya mfuko wa shati, kama rafiki anavyomgusa mwenzake akimuaga. "Fundi mfupi," akasema, "umefanya kazi safi." Akashuka ngazi. Nilihisi baridi pale aliponigusa, ile ya kufungua friji asubuhi. Tone la pimamaji lilikaa katikati.

Nilipotoka nje hapakuwa na mtu. Udongo wa pale ni laini, nimeshakwambia. Nyayo zilikuwa zangu tu.

Nyar Seme akarudi na mtungi. Akapanda ngazi, na tone likakimbia mpaka mwisho, likarudi. Akafungua friji, akatia mkono, akaanza kusikia baridi. Akafungua bomba, maji yakatoka. Kisha akaona kiatu kisicho na ulimi.

"Nani alikuonyesha hiki?"

Nikamweleza. Ovaroli, bisibisi sikioni. Nilifikiri atapiga yowe. Akaketi kitandani mahali pale pale, akalaza mkono juu ya blanketi.

"Ulimpa chai?" akauliza.

"Sikumpa."

"Angekunywa," akasema. "Alikuwa hawezi kazi bila chai." Halafu akaenda kupika.

Nilikaa macho usiku ule nikibishana na nafsi yangu, na nitakwambia ukweli: bango lilishinda. Nilisema mimi ni fundi. Nikiitwa kuamsha gari, naamsha. Wafu wana mambo yao, na wazee wana yao.

Asubuhi wakaja. Jaduong' Okelo na fimbo yake, wazee wengine wanne, majirani wote, na Odera na kofia yake akiwa amekwishafungua lango. Nyar Seme alikuwa ameshafunga vyombo vyake katika shuka, akakaa juu ya hilo furushi pale nje, kando ya jiko. Hakulia. Afadhali angelia.

Nikapiga jeki, nikaondoa mawe, nikapanda mbele, nikapiga stata. Injini ikazunguka vizuri, kwa nguvu, lakini hakuna moto. Nikapiga tena. Hakuna. Watu wakaanza kunong'ona. Nikashuka, nikafungua boneti, nikafungua kifuniko cha distributa.

Rota haikuwamo.

Rota ni kitu kidogo, kama kidole gumba, kinazunguka kugawa moto kwa kila plagi. Bila hicho injini ni chuma tu. Jana nilikuwa nimeiweka mwenyewe, na injini iliwaka. Boneti hakuna aliyeigusa, kwa sababu usiku kucha nilikuwa nimejilaza mbele, kwenye kiti cha dereva, miguu juu ya usukani. Na wakati ule ule nikasikia baridi hapa kifuani, upande wa kushoto. Nikapeleka mkono mfukoni.

Ilikuwamo. Ndani ya mfuko wangu mwenyewe.

Sasa wewe niambie. Ilikuwa mkononi mwangu. Kuirudisha ni kazi ya kupepesa jicho, hata asiyesoma anaweza. Kichwa changu kilikuwa ndani ya boneti, hakuna aliyeniona. Odera akapiga kelele, "Fundi! Kwani leo umesahau kazi?" Watu wakacheka. Nikamwona Nyar Seme kwa pembe ya jicho, juu ya furushi lake, na nyuma yake mtungi wa maji aliotoka nao ziwani alfajiri. Ameshafunga vyombo, na bado alikwenda kuchota maji. Ya nani, kama si ya nyumba yake?

Nikafunga kifuniko. Nikafunga boneti. Nikapangusa mikono.

"Jaduong'," nikasema, "limenishinda."

Maneno hayo sikuwahi kuyasema, na sijayasema tena. Odera aliruka. "Jana iliwaka! Mimi mwenyewe nilisikia! Piga tena!" Nikapiga tena, mara nyingi alizotaka, mpaka betri ikachoka. "Hata Kisumu nzima wanakuita fundi! Fundi wa nini? Fundi wa baiskeli!" Nikakusanya spana zangu. Mimi, ambaye nilishawahi kumpiga mtu kofi kwa kuniita mwanafunzi.

Jaduong' Okelo alinitazama muda mrefu. Sijui aliona nini. Kisha akagonga fimbo chini. "Fundi asiyeshindwa ameshindwa. Hii ni nyumba ya Ogutu. Toeni magurudumu." Vijana wakalipandisha juu ya mawe siku ile ile. Nyar Seme alifungua furushi lake, akatoa sufuria, akaweka chai.

Malipo sikupata, na Odera alifika Kisumu kabla yangu. Kila soko aliuza habari hiyo pamoja na samaki. Watu walisimama mbele ya bango langu wakicheka: HAKUNA GARI INASHINDA HAPA, isipokuwa ya Asembo! Baada ya mwezi nililishusha mwenyewe. Nililifanya mlango wa choo.

Nyar Seme aliishi mle mpaka uzee. Ile friji ilikuwa ya pekee upande ule, na wavuvi walikuja kwake kunywa maziwa ya baridi. Kila mwaka nilikwenda kusafisha tundu la gesi na kuweka pimamaji sakafuni. Kila mwaka alipika chai vikombe vitatu, na cha tatu hakuna aliyekigusa. Mwaka juzi tulimzika kando ya mume wake. Odera alitangulia zamani, Jaduong' pia. Ndiyo maana sasa naandika, hakuna wa kulidai lile gari tena.

Rota ninayo hapa Migosi ninapoishi, kwenye kikombe juu ya kabati. Mke wangu ameniuliza ni ya gari gani, nikasema la mteja. Na kifuani, pale aliponigusa, pana baridi mpaka leo, hata jua la Januari likiwaka. Daktari alisikiliza, akasema moyo ni mzima. Najua ni mzima.

Wewe fundi kijana unayesoma haya, usiseme kama nilivyosema mimi, kwamba mambo ya dala si yako. Ukiletewa kitu ambacho mtu alilala ndani yake, uliza kwanza nani atatoka ukikiamsha. Kisha laza pimamaji sakafuni, na akija mtu kukusaidia, tazama tone. Lisiposogea, usikimbie, hana ubaya. Ila mpe chai. Mimi sikumpa, na hilo ndilo linaniuma kuliko bango.